OpenFAST: uzoefu wangu na programu ya kukokotoa mzigo wa upepo kwenye mapanga

Kama umezoea kubofya vitufe na kuona rangi rangi, OpenFAST utaiona kama adhabu. Unaandaa mafaili ya maandishi matupu, unafungua terminali, unaandika amri moja, kisha namba zinaanza kutiririka. Basi. Hata hivyo, kwa kazi ya kujua upepo unalibebesha panga la mtambo wa kuzalisha umeme wa upepo mzigo kiasi gani, sijapata ya kuishinda, na ni ya bure. Ilianzia NREL, maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Colorado, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Moduli ya hewa ndani yake inaitwa AeroDyn. Inaligawa panga vipande kuanzia shinani hadi nchani, na kila kipande inakitafutia nguvu ya kunyanyua na ukinzani kutoka kwenye jedwali la umbo lake. ElastoDyn inapokea mizigo hiyo na kuonyesha panga linavyopinda na mnara unavyoyumba. Kwa mtindo huu laptopu ya kawaida inatosha. Ukitaka kuiga mtiririko wenyewe wa hewa kuzunguka rota nzima, yaani mapanga yote na kitovu chake, kwa programu ya OpenFOAM, tafuta mashine nzito na subira.

Anza na mtambo wa mfano wa NREL wa megawati 5: rota ya mita 126, kitovu mita 90 kutoka chini. Mafaili yake yapo tayari. Mimi niliupandisha upepo taratibu huku nikichora msukumo kwenye rota. Unapanda, unapanda, hadi upepo unapokaribia mita 11.4 kwa sekunde, ambapo mtambo unafikia uwezo wake kamili na msukumo unakuwa karibu kilonyutoni 800. Ukizidisha upepo hapo, msukumo unashuka! Kidhibiti kimeanza kugeuza mapanga ili yaachie upepo upite. Grafu hiyo moja ilinifaa kuliko mihadhara mingi.

Halafu chora momenti ya shina, yaani nguvu inayolipinda panga pale linapoungana na kitovu, kwa upande wa mzunguko. Panga lina tani 17.7, na kwa mizunguko 12.1 kwa dakika uzito wake unalivuta huku na huku kila baada ya sekunde 5 hivi, usiku na mchana. Sehemu kubwa ya wimbi hilo ni uzito tu, upepo haumo.

Kasoro? Mafaili yanasomwa mstari kwa mstari; futa mmoja na kila kinachofuata kinahama. Toleo likibadilika, mafaili ya zamani yanaweza kukataliwa, na ujumbe wa kosa ukakuacha ukikuna kichwa.

Kubwa zaidi ni yale majedwali ya nguvu za hewa. Mwaka 2000 rota ya mita 10 ilipimwa kwenye handaki la upepo la Ames, kituo cha utafiti cha NASA, na wataalamu wakatabiri matokeo kwa programu zao kabla ya kuonyeshwa vipimo. Hata kwenye upepo mdogo, utabiri wa nguvu ulianzia asilimia 25 ya kipimo halisi hadi 175. Programu zimeboreshwa tangu hapo, ila hewa inapobanduka kwenye mgongo wa panga, jedwali bovu bado litakupa grafu safi yenye uongo.

Kwa mitambo midogo, majedwali yangu nayaandaa kwanza kwenye QBlade, programu yenye madirisha na vitufe, na ndani yake kuna XFOIL ya kukokotoa nguvu za hewa kwenye umbo la panga, kisha nayahamishia huku. Nyota nne kati ya tano.