Kutuma pesa bure chini ya elfu moja: msaada wa korona uliofika hadi kibandani

Watu wakiongea vile serikali ya Kenya ilijaribu kuokoa uchumi 2020 wakati wa korona utasikia VAT (kodi ya vitu unavyonunua), PAYE (kodi ya mshahara), mabilioni ya Treasury, yaani wizara ya fedha. Mimi nataka kuongea kuhusu kitu kidogo kuliko hivyo vyote, ile ya kutuma pesa kwa simu bila kukatwa kama ni shilingi 1,000 kushuka chini. Niliitumia toka ianze mpaka ikaisha, nikiwa na kibanda changu cha chakula Kariobangi Light Industries hapa Nairobi, chapo madondo (chapati na maharagwe) na ugali sukuma, wateja wangu ni mafundi wa jua kali, mawelda, wapiga rangi. Naipa nyota nne kwa tano na nitaeleza hiyo moja imeenda wapi.

Ilianza 16 Machi 2020, siku chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya. Benki Kuu ilisema watu wapunguze kushikana noti na sarafu, kwa hivyo chaji ya kutuma pesa ndogo iondolewe. Sawa, lakini kwangu ilifanya kazi ingine kabisa.

Kabla ya hapo, kwa M-Pesa, pesa ya simu ya Safaricom, kutuma kati ya 101 na 500 ilikuwa inakatwa 11, na kutoka 501 hadi 1,000 ni 15. Sasa fundi amekula ya 120, utamwambia aongeze 11 juu? Hiyo ni zaidi ya nusu chapati. Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anatuma, tulikuwa tunaandika kwa kidaftari halafu Jumamosi wakilipwa wananiletea cash, na Jumamosi yenyewe ukizubaa kidogo mtu amepitia njia ingine na wewe umebaki na jina lake kwa karatasi.

Machi 27 kafyu ikaingia, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, na kazi za mafundi zikapungua karibu zikwishe. Hapo ndio nilielewa hii kitu. Mtu akipata kazi ya gate moja tu, pesa ya mwenye gate inaingia kwa simu yake, na kabla hajatoka hapo ananitumia 350 ya deni la wiki, bila kukatwa, bila kunitafuta. Na mimi hiyo hiyo 350 nikiongeza na ya mwingine natumia mama wa mboga soko la Marikiti 800, ananipakilia sukuma na nyanya kwa mtu wa boda. Zamani nilikuwa naenda Marikiti mwenyewe alfajiri, saa ambayo wakati wa kafyu ungepatana na askari njiani. Ukifuatilia hiyo pesa utaona imetoka kwa mwenye gate, ikaenda kwa fundi, ikaja kwangu, ikaenda kwa mama wa mboga, na hakuna mahali imemegwa. Pesa ikiwa kidogo mtaani, kila shilingi 11 ni muhimu.

Halafu nyumbani. Kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7 Nairobi ilifungwa, huingii hutoki, na mamangu yuko Mwingi. Ningemtumia elfu tatu mara moja ningekatwa, kwa hivyo nilikuwa natuma elfu, elfu, elfu. Mara ya kwanza alinipigia simu akiwa ameshtuka, akauliza kama nimekosea nikatuma mara tatu. Nikamwambia hapana mama, zote ni zako.

Sasa linganisha na ile misaada ingine ya serikali iliyotangazwa Machi 25. VAT ilishuka kutoka 16 hadi 14, vizuri sana, lakini unga wa mahindi na sukuma hazikuwa na VAT toka zamani, kwa hivyo kwa sufuria yangu haikugusa kitu, na mafuta ya kupika dukani kwetu sikuona bei ikishuka hata shilingi mbili. Kodi ya mshahara iliondolewa kabisa kwa wale wa 24,000 kushuka chini. Kakangu alikuwa huko huko, anafanya hoteli, lakini walikuwa wametumwa nyumbani bila malipo. Unamsamehe kodi ya mshahara gani? Sisemi hizo zilikuwa mbaya, kuna walimu na watu wa ofisi najua zilisaidia, nasema zilipitia kwa payslip na kwa risiti, na mtaa wetu hauna hizo vitu. Una simu.

Nyota niliyotoa ni ya kutoa pesa. Kutuma ilikuwa bure lakini ukienda kwa ajenti kutoa 500 bado unaacha 28. Mamangu hawezi kununua mbuzi wala kulipa kibarua wa shamba kwa simu, huko kijijini wanataka noti mkononi, kwa hivyo ile chaji niliyookoa mimi Nairobi yeye ndiye aliilipa Mwingi. Mama mzee ambaye hata hakuwa na biashara. Hilo liliniuma na bado linaniuma, maana wangeondoa hata ya kutoa mara moja tu kwa wiki ingetosha.

Na msiniambie haingewezekana. Benki Kuu yenyewe ilisema kufikia Oktoba watu milioni 2.8 wapya walikuwa wameanza kutumia pesa ya simu. Safaricom nao, kwa mwaka ulioishia Machi 2021, mapato ya M-Pesa yalishuka kwa asilimia 2.1 tu, na miezi tisa ya huo mwaka tulikuwa tunatuma bure. Mtu akizoea kitu hakiachi, watu waliingia kwa sababu ya bure wakabaki.

Iliisha 31 Desemba 2020. Kesho yake VAT ikarudi 16, chaji ikarudi pia, ingawa walipunguza kidogo, 6 kwa ile ya 11 na 12 kwa ile ya 15. Kurudisha vyote siku moja, Januari, wiki ambayo shule zinafunguliwa na watu wanatafuta karo, hiyo sikuipenda na nitaisema popote nikiulizwa. Mafundi walijipanga wenyewe, ju kutuma 100 kushuka chini ilibaki bure. Kuna welda mmoja hula ya 150, mpaka leo hunitumia 100 kwanza halafu 50, na mimi nikisikia simu imelia mara moja huwa namkatia chapati ya pili nikingoja ilie tena.