Chumba cha rubani cha F-35: macho yamehudumiwa, vidole na shingo vimepunjwa

Ndege ya kivita hupimwa kwa kasi, kwa silaha au kwa uwezo wake wa kuikwepa rada. Mimi napima jambo moja tu, yaani namna chumba cha rubani cha F-35, ndege ya kivita ya Kimarekani, kinavyomtendea binadamu aliyekaa ndani yake. Nimekichagua kwa sababu wabunifu wa ndege zijazo, wakiwemo wale wa mradi wa Uingereza, Italia na Japani unaolenga mwaka 2035, wanaanzia pale kilipoishia.

Nianze na sifa, maana kinazistahili. Rubani wa zamani alisoma rada huku na vipimo vingine kule, akaziunganisha habari zote kichwani mwake huku akiwa vitani. Ndani ya F-35 kazi hiyo hufanywa na kompyuta, naye huonyeshwa picha moja ya hali ilivyo. Kile kioo cha mbele cha kuonyeshea takwimu kimeondolewa. Takwimu sasa ziko kwenye kioo cha kofia na humfuata popote anapogeukia. Kamera sita za infraredi, yaani zinazoona joto hata gizani, zimepachikwa kwenye mwili wa ndege, kwa hiyo akiinamisha kichwa usiku na kutazama katikati ya magoti yake, haoni sakafu bali ardhi inayopita chini. Kasoro ilijitokeza kwenye meli za kubebea ndege, ambako mng'ao wa kijani wa kofia ulififisha taa hafifu za sitaha usiku wa giza.

Tatizo kubwa zaidi ni vidole. Mbele ya rubani kuna skrini ya kugusa yenye upana wa takriban sentimita 50 na kimo cha sentimita 20, inayogawanyika apendavyo. Ndege ikiwa imetulia, hapana shida. Ikikata kona kwa nguvu ya G 5, yaani mara tano ya uvutano wa kawaida wa dunia, mkono wa kilo 4 huwa mzito kama wa kilo 20, kidole huyumba juu ya kioo kilicho laini kila mahali, na rubani hulazimika kushusha macho ahakikishe amegusa alichokusudia. Swichi ingemjibu kidoleni. Somo hili si geni: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alichunguza kwa nini marubani wa ndege za kudondosha mabomu za B-17 walikunja magurudumu wakiwa wameshatua, akakuta kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kutulia zilikaa jirani na kufanana. Dawa ikawa kukipa kishikio kimoja umbo la gurudumu na kingine umbo la bawa, ili mkono utambue bila msaada wa jicho. Kwa haki, amri muhimu za mapigano katika F-35 zimewekwa kwenye usukani na kwenye mpini wa injini, na hilo limeokoa mengi.

Shingo nayo ilisahauliwa. Mwaka 2015 marubani wenye uzito wa chini ya kilo 62 walizuiwa kuirusha, kwa kuwa kiti cha dharura, kile kinachomrusha rubani nje ya ndege, kingeweza kuwavunja shingo wakiwa na kofia ile nzito. Zuio liliondolewa mwaka 2017, baada ya kofia kupunguzwa uzito na kiti kurekebishwa. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo!

Sasa BAE Systems, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza silaha na ndege, wamependekeza chumba kisicho na vipimo karibu vyovyote, kila kitu kikionyeshwa kwenye kofia, huku vihisi vikifuatilia macho na mwili wa rubani. Vihisi naviunga mkono: mwaka 2016, huko Arizona, rubani mwanafunzi wa ndege ya kivita ya F-16 alipoteza fahamu kwa zaidi ya G 8, na mfumo wa kujiokoa ukaiinua ndege kabla haijagonga ardhi. Kuondoa swichi ya mwisho siungi mkono. Chumba cha F-35 nakipa alama 7 kwa 10, na hicho kipya nitakipima kwa kufumba macho na kukitafuta kishikio cha magurudumu kwa mkono.