Michemraba ya sumaku ya Kariakoo: inafaa kwa onduleta ya baridi ya mezani?

Nyota 3 kati ya 5. Kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuunda onduleta ndogo ya baridi kali juu ya meza ya maabara, sumaku za neodimiamu zinazouzwa Kariakoo zinatosha, mradi anunue michemraba ya milimita 10 na aipime mmoja baada ya mwingine. Nyota mbili zimekatwa kwa sababu mzigo mwingi hauna alama ya daraja (namba ya nguvu ya sumaku, kama N35 au N52; kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi), na bila daraja unanunua kwa kubahatisha.

Onduleta ni safu mbili za sumaku zinazotazamana. Elektroni zikipita katikati huyumbishwa huku na huku, na kila zikiyumba hutoa mwanga. Kwenye baadhi ya sinkrotroni kubwa, yaani mashine zinazozungusha elektroni ili zitoe mwanga, safu hizo hukaa ndani ya ombwe, na siku hizi nyingine hupozwa. Watafiti wa sinkrotroni ya SPring-8, Japani, waliandika juu ya wazo hilo mwaka 2004, na sinkrotroni ya ESRF ya Grenoble, Ufaransa, ikafunga yake mwaka 2008, ikipozwa hadi karibu kelvini 150, yaani kama digrii 123 za Selsiasi chini ya sifuri. Sababu ni kwamba neodimiamu ikipoa nguvu yake hupanda kwa takribani asilimia 0.1 kwa kila digrii, na wakati huohuo inakuwa ngumu zaidi kupokonywa usumaku.

Sasa dukani. Utaambiwa, "Boss wangu, hii N52 original," na mfuko hauna hata herufi moja. Usibishane, nenda na sensa ya Hall (kijisehemu kinachogeuza nguvu ya sumaku kuwa volti) aina ya 49E, betri na mita. Weka kipande cha mbao cha milimita 20 kati ya sensa na uso wa mchemraba. Kwa umbali huo N35 inatoa takribani militesla 12, N52 takribani 15. Kwa sensa inayotoa milivolti 1.4 kwa gausi (gausi 10 ni militesla 1), hiyo ni tofauti kati ya milivolti 170 na 210 hivi, na mita ya kawaida ya fundi inaiona vizuri. Kosa linaloharibu kazi ni kubandika sensa moja kwa moja kwenye sumaku: hiyo sensa hufika kikomo karibu na militesla 100, kwa hiyo sumaku zote, nzuri na mbovu, zitaonekana sawa.

N52 usiikimbilie. Ndani ya onduleta kila sumaku inasukumwa na jirani zake, na daraja lenye nguvu kubwa mara nyingi ndilo linaloshindwa mapema kuhimili msukumo huo likipata joto. Sumaku isiyo na herufi nyuma ya namba kikomo chake ni kama digrii 80 za Selsiasi, kwa hiyo weka mbali gundi ya moto na pasi ya kulehemu. N35 au N42 ya kawaida inatosha kabisa.

Nunua michemraba 30 ili upate 24 inayokaribiana. Tafuta ncha ya kaskazini kwa dira, itie nukta ya rangi ya kucha. Kila mzunguko mmoja una michemraba minne juu na minne chini, nukta ikigeuka robo duara kila hatua: juu, mbele, chini, nyuma. Safu ya chini inafuata mpangilio huohuo, ila zile za mbele na nyuma zinageuzwa. Mzunguko unakuwa milimita 40, na 24 inakupa mizunguko mitatu. Pengo likiwa milimita 20, tarajia kilele cha tesla 0.2 hivi katikati, na likiwa milimita 10, karibu 0.5. Shika kwa nguvu unapopanga, maana michemraba hiyo itataka kujigeuza na kubana vidole, na ikigongana inameguka pembeni.

Kuhusu kishikio, gundi ya papo kwa papo isitumike. Kwenye nitrojeni ya kimiminika, digrii 196 chini ya sifuri, inakuwa kama kioo na kupasuka. Tumia reli ya alumini na skrubu za shaba, na acha nafasi. Alumini ikipoa kutoka joto la chumba hadi huko husinyaa karibu asilimia 0.4, yaani nusu milimita kwenye reli ya milimita 120, ilhali sumaku karibu haisinyai. Ukibana sana ikiwa na joto, alumini itaivunja ikiwa baridi. Tatizo hilohilo lipo kwenye reli ya mita 2 ya onduleta halisi, ambako msinyao unafika milimita 8.

Nitrojeni ni ileile inayotunza mbegu za madume kwa uhimilishaji wa ng'ombe. Lita 2 zinatosha. Usiifunge kwa kifuniko cha kukaza, na usiisafirishe kwenye gari lililofungwa vioo: lita moja hugeuka takribani lita 700 za gesi na kufukuza hewa ya kuvuta.

Sehemu tamu zaidi ni hii. Toa mchemraba kwenye nitrojeni, uweke mbele ya sensa iliyobaki kwenye joto la chumba, kisha tazama mita. Kipimo kitapanda kwanza, halafu ndipo kishuke kadiri sumaku inavyopata joto. Chini ya kelvini 135 hivi usumaku wa neodimiamu huinama kutoka kwenye mhimili wake, ndiyo maana ESRF haikushuka hadi kelvini 77, baridi ya nitrojeni ya kimiminika. SOLEIL, sinkrotroni nyingine ya Ufaransa, ilitumia sumaku za praseodimiamu, metali ndugu ya neodimiamu, zisizo na tabia hiyo, na kufika kelvini 77. Madini hayo mawili, kwa taarifa yako, yapo Ngualla, mkoani Songwe.

Sumaku nyeusi za spika ziache: feraiti ikipoa hupokonyeka usumaku kirahisi zaidi. Za diski za kompyuta zina ncha mbili kwenye uso mmoja, hazipangiki.

Ukimaliza, unyevu wa Dar utaifunika reli yote kwa barafu. Ikianza kuyeyuka, futa kila mchemraba na ukaushe kwa feni. Uliomeguka ganda lake la nikeli utaota kutu kuanzia hapo penye mmeguko, basi utenge na wenzake.