Uzoefu wangu wa kulipia wakala wa masoko ya mtandaoni: tumebaki na picha, maneno tunaandika wenyewe

Tunaendesha biashara ndogo ya safari za siku moja hapa Moshi. Materuni, Chemka, Marangu, na Ziwa Chala kwa anayetaka. Wateja wetu ni wageni wanaosubiri kupanda Mlima Kilimanjaro au walioshuka, pamoja na Watanzania wanaokuja wikiendi kutoka Arusha, Dodoma na Dar. Miaka yote walitufikia kwa kuelekezana. Tulipoona biashara changa kuliko yetu zinajaza gari kila Jumamosi kupitia Instagram, tukaamua kutafuta wakala. Tuliowapata ofisi yao ipo Arusha. Jina lao naliacha.

Makubaliano yalikuwa laki nne na nusu kwa mwezi: posti za Instagram, kusimamia ukurasa wetu wa biashara kwenye Google, kupanga WhatsApp Business, kujibu maoni ya wateja, na huduma waliyoiandika kwenye mkataba kama mahusiano ya umma. Hela ya kubusti matangazo ilikuwa juu yetu.

Kazi ya Google waliifanya vizuri sana na ninawashukuru kwa hilo. Pini yetu kwenye ramani ilikuwa imekaa Majengo wakati ofisi yetu iko karibu na Double Road, na wageni walikuwa wanapotea. Wakairekebisha, wakapitia zoezi la uthibitisho ambalo siku hizi Google mara nyingi hulitaka kwa video inayoonyesha eneo na kibao cha ofisi, wakaweka saa za kazi na picha mpya. Mgeni aliyeko hotelini Shanty Town hakuandikii ujumbe kabla hajaangalia ramani na nyota. Katalogi ya WhatsApp nayo imetuokolea muda mwingi, maana mteja anaona safari zote mwenyewe.

Picha ndiyo usiseme. Kijana wao wa kamera tulienda naye Materuni asubuhi baada ya mvua. Alivua viatu kwenye kile kiteremko cha kabla ya maporomoko, akakunja suruali, akapiga picha za migomba ikiwa bado inadondosha maji. Kwenye nyumba tunakonywea kahawa alikaa chini kabisa karibu na kinu, akangoja mpaka akina mama walipoanza kuimba na kutwanga kwa zamu, maganda yakiruka. Picha ile ya mchi ukiwa hewani na mgeni anacheka bado ndiyo inayotuletea watu hadi leo.

Shida ilikuja kwenye maneno. Chini ya picha ile ile wakaandika: “Jitumbukize katika uzoefu usiosahaulika wa utamaduni halisi wa Kiafrika. Huduma bora kwa bei nafuu. Nafasi ni chache, wahi sasa!” Hakuna Materuni, hakuna kahawa, hakuna siku, hakuna bei. Maneno yale ungeweza kuyabandika kwenye tangazo la saluni na yasigombane na kitu. Watu wakaanza kuuliza: “Bei?” “Bei gani jamani?” “Mbona bei hamtaji?” Kila mmoja akajibiwa, “Karibu inbox mpendwa.”

Nilimpigia msimamizi wa akaunti yetu. Akaniambia kwa upole, “Dada, tukiweka bei tunawafukuza watu. Wakija inbox ndio tunaongea nao vizuri.” Nikamwambia, “Mdogo wangu, anayekimbia bei hata inbox atakimbia, na anayeweza kulipa umemchosha.” Ninaamini hivyo kabisa. Mtu anapanga wikiendi ya familia, ana watoto watatu na mshahara anaoujua. Ukimficha bei anahisi unataka kwanza kumpima mfuko, na hapo umeshapoteza imani yake kabla hujamwonyesha gari.

Tukaandika upya kwa maneno tunayowaambia watu kwa simu: “Materuni Jumamosi hii. Sh 75,000 kwa Mtanzania mtu mzima. Humo kuna usafiri kutoka Moshi mjini na kurudi, kiingilio cha kijiji, muongozaji, kahawa utakayotwanga na kukaanga mwenyewe, na chakula cha mchana. Njia ina tope, njoo na viatu vinavyoshika. Maji ya maporomoko ni ya baridi kweli.” Laiki zilipungua. Simu ziliongezeka, na waliopiga hawakuuliza bei, waliuliza gari linaondoka saa ngapi. Ripoti ya wakala ya mwezi huo ilionyesha kwamba “ushiriki umeshuka”. Kwenye daftari letu mauzo yalipanda.

Chemka ndipo tulipoumia zaidi. Kule Boma Ng'ombe ukikunja kuingia ndani kuna vumbi na miiba, halafu ghafla unakuta maji ya bluu yanayoonyesha mpaka chini, mizizi ya mitini, kamba ya kurukia, na samaki wadogo wanaokudonoa miguu. Ni mahali pazuri sana. Ila maji yake si ya moto. Yanatoka ardhini, hayana ubaridi wa mto wa mlimani, lakini hayachemki. Wageni wengi wanapatafuta kwa jina la chemchemi za maji moto, na wakala akalikoleza: “Tuliza misuli yako kwenye maji moto ya asili.” Dada mmoja akamleta mama yake mwenye maumivu ya magoti kutoka Arusha kwa ajili ya hayo maji. Mama akatumbukiza mguu, akautoa, akakaa kwenye mzizi mpaka muda wa kurudi.

Yule dada akatupa nyota mbili Google na kueleza yote. Ndani ya saa moja wakala akawa amejibu: “Mpendwa mteja, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Maoni yako ni muhimu kwetu. Tunazidi kuboresha huduma zetu.” Niliposoma nilikasirika, kwa sababu hakuna aliyesoma alichoandika. Hakulalamikia huduma. Alilalamikia ahadi. Nikaomba lile jibu lifutwe, tukaandika: “Dada, pole sana wewe na mama. Ni kweli, maji ya Chemka si ya moto na tangazo letu lilisema kinyume. Tumelifuta leo. Nauli yenu tunairudisha kwa namba mliyolipia.” Nyota hazikubadilika. Lakini tangu hapo tumepata watu wanaopiga simu na kusema wameona lile jibu, ndiyo maana wametuchagua.

Baada ya tukio hilo msimamizi akaniletea kile alichokiita kifurushi cha maoni: nyota tano zinazoandikwa na akaunti zao, ili zile mbili zizame. Nilikataa. Google na TripAdvisor wote wanakataza maoni ya kununua. Marekani imeyapiga marufuku kwa kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara iliyoanza kutumika Oktoba 2024, Uingereza ikafuata Aprili 2025, na huku kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Na hata bila sheria, mtu anayeniamini na watoto wake kwenye barabara ya Uru, ya kwenda Materuni, ana haki ya kusoma maneno ya mtu aliyepanda gari langu kweli.

Kuna pendekezo lingine lililonitisha kuliko hilo. Walitaka tuanze kuuza na mlima, kwa tangazo la “uhakika wa kufika kileleni asilimia 100”. Sisi mlima hatuuzi, tunamwelekeza mteja kwa wenye leseni. Lakini tumekulia chini yake na tunajua kilele chake, Uhuru, ni mita 5,895, na kwamba anayeamua nani afike ni hewa, idadi ya siku za kuuzoea mwinuko, na muongozaji mwenye ujasiri wa kumwambia mteja aliyelipa fedha nyingi, “Baba, tunashuka.” Tangazo la namna ile linamnyang'anya muongozaji mdomo. Mgeni anatapika, kichwa kinampasuka, anaanza kuyumba, na bado anasema ameahidiwa kilele. Anayekaa ofisini Arusha akiandika sentensi hiyo hatakuwepo kambi ya Barafu usiku wa manane, wanapoanza kupanda kileleni. Sentensi ya tangazo inaweza kuua mtu, na ninataka kila anayeandika matangazo ya mlima alijue hilo.

Masika ikaja na barabara ya Materuni ikaharibika, tukalazimika kuahirisha. Wakala akatengeneza Taarifa kwa Umma yenye nembo na muhuri: “kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu”. Chuoni tulifundishwa kisa cha Ivy Lee, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa kazi ya mahusiano ya umma, aliyefanya kazi kwa kampuni ya reli ya Pennsylvania. Mwaka 1906 treni yao ilitumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, naye akawashauri watoe taarifa wenyewe na kuwapeleka waandishi kwenye eneo la ajali badala ya kuwazuia. Kazi hii ilianza kwa kufungua mlango. Nasi tukafanya hivyo: dereva wetu akasimama kwenye tope, akarekodi video ya gari likiteleza, akasema, “Ndugu zangu, mnaona wenyewe. Leo hatupandi. Anayetaka twende Chala, anayetaka hela yake aseme.” Tuliituma kwa kila aliyekuwa amelipia. Hakuna aliyegomba.

Jambo la namba za simu nilitaje kwa haraka. Watu wa wakala waliomba orodha ya wateja wetu wote wa zamani ili wawatumie ofa WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Mtu alinipa namba yake nimchukue stendi, basi. Sasa tunamuuliza mteja mwisho wa safari kama angependa taarifa zetu, na wengi wanakubali.

Hatukuachana nao. Tumebadilisha mkataba: wanapiga picha, wanasimamia Google na kuendesha matangazo ya kulipia kwa laki mbili na nusu. Maneno yanaandikwa hapa ofisini na mdogo wangu anayepokea simu, kwa sababu yeye ndiye anayesikia watu wanavyouliza. Majibu ya malalamiko hakuna anayeyagusa zaidi yangu na dereva aliyekuwepo siku hiyo.

Kwa mwenye hoteli ndogo, kampuni ya safari au duka la kahawa hapa Moshi au Arusha anayefikiria kuchukua wakala: mchukue kwa picha na ramani, hela yako itarudi. Mtake aende site kabla hajaandika hata mstari mmoja. Na kwenye ukurasa wa Google hakikisha wewe ndiye mmiliki mkuu, wakala abaki msimamizi tu. Wetu walikuwa wamejisajili wao kama wamiliki, na kuhamisha umiliki ilitugharimu barua, simu za kila siku na safari ya kwenda Arusha kukaa ofisini kwao mpaka mtu abonyeze.