Silinda imechubuka: kuchonga bloku au kununua injini ya mtumba?

Moshi wa bluu, oili inapungua kila wiki, na fundi akifungua injini anakuta ukuta wa silinda una michirizi inayokwaruza kucha. Hapo ringi mpya (pete za pistoni) pekee ni kutupa hela.

Kama bloku (mwili wa injini wenye silinda) ni ya chuma, mfano injini ya Toyota 5A-FE, mimi ningeichonga. Karakana inapanua silinda kwa milimita 0.50, unafunga pistoni na ringi za saizi hiyo, na unajua kilichomo ndani. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kuzifuata. Wengi hukosea hapa. Kazi huchukua siku kadhaa, na uvumilivu wa kuizoesha injini kazi taratibu mwanzoni.

Injini ya 1NZ-FE ya kwenye Toyota IST ni habari nyingine: bloku ni ya aluminiamu, slivu zake (mikebe ya chuma inayounda ukuta wa silinda) ni nyembamba, hazitaki kuchongwa sana. Hapo injini ya mtumba, zile za Japani zinazouzwa Gerezani, Dar es Salaam, ina mantiki zaidi. Gari linarudi barabarani haraka, ila ni bahati nasibu. Dai kupimiwa kampresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda zote zikaribiane. Namba ya injini nayo irekebishwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), la sivyo siku ya kuuza utahangaika.