Alinituma nikachambue mchele: uzoefu wangu na fundi aliyeongeza saketi za umeme katika nyumba yetu ya zamani na gesti, Tanga

Mzee mmoja wa Korogwe, aliyekuja kumuuguza mkewe katika Hospitali ya Bombo, alitoka bafuni asubuhi moja akiwa amejifunga taulo, povu la sabuni likiwa bado kichwani, akaniambia kwa upole, "Mama, bomba lako lina umeme." Tangu siku hiyo siwezi kumkumbuka fundi aliyetufungia umeme ule bila sauti kunipanda. Jina lake wala la kampuni yake sitalitaja, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na sote tunazikana. Lakini kazi yake nitaieleza yote, nzuri na mbaya, na msomaji akiona kwamba katikati ya maelezo nimebadili kauli, ajue kuwa hata hapa nyumbani hubadili kauli kila ninapowasha taa.

Nyumba yetu iko Chumbageni. Ilijengwa katika miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, na nyuma yake kuna boi kota ndefu ambayo marehemu mume wangu aliigeuza kuwa gesti ya vyumba sita. Umeme wake ulikuwa wa umri uleule: meni swichi ya chuma, fyuzi nne za kauri ambazo kila zikiungua unazisuka upya kwa uzi wa waya, soketi za matundu ya duara, na ndani ya mabomba ya chuma ya ukutani nyaya zilizovikwa mpira na kitambaa, ambazo ukizikunja tu mpira unapukutika kama maganda ya karanga. Fyuzi mbili zilibeba taa na mbili zilibeba soketi. Aliyeijenga hakuwaza friji mbili, viyoyozi, wala hita za kuogea. Kwa miaka mingi tuliishi kwa kuongezea ekstensheni juu ya ekstensheni, na gesti ilipata umeme kwa waya uliorushwa kutoka dirisha la jikoni, umefungwa kwenye mwembe. Sijivunii jambo hilo. Wageni walipoanza kuuliza habari ya maji ya moto kabla ya kuuliza bei, niliona kwamba sasa lazima nitafute fundi mwenye leseni, na huyu leseni yake ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, alinionyesha kabla sijamwomba.

Nikiri kwamba alianza vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwajiri. Hakugusa waya hata mmoja kabla ya kukaa barazani na kalamu na kupiga hesabu mbele yangu. Hita moja ya bafuni ya wati 5,500, alisema, huvuta karibu ampia 24 kwa umeme wetu wa volti 230; sita zikiwashwa pamoja alfajiri ni zaidi ya ampia 140, na laini ya nyumbani ya fezi moja haiwezi kubeba mzigo huo. Tukaomba kubadilishiwa kuwa fezi tatu, yaani nyaya tatu za kuleta umeme badala ya mmoja, na vyumba akavigawa viwili viwili kwa kila fezi. Kila hita aliipa waya wake wa milimita za mraba 6 na breka yake ya ampia 32, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, bila kuichanganya na taa wala soketi. Kutoka nyumba kubwa hadi gesti alizika kebo yenye ganda la chuma katika mtaro wa zaidi ya nusu mita, akalaza mchanga chini na juu yake, kisha utepe wa njano wa kuonya watakaochimba baadaye. Nyaya za zamani alizing'oa zote, ilhali mafundi wawili waliomtangulia walitaka kuunga mpya kwenye zile za mpira na kufunika jointi kwa tepu nyeusi. Kuta zetu za mawe na chokaa alizitindua kwa mistari iliyonyooka, akaziba, na ndani ya kisanduku cha breka kila moja ina kijikaratasi chenye namba ya chumba. Kama ningeandika siku ile, ningempa nyota tano na sinia la pilau.

Sasa nije kwenye mchele.

Siku ya mwisho, au labda iliyotangulia ya mwisho, nilimkuta nyuma ya gesti amechuchumaa, akifunga kwa klempu waya wa kijani na njano, yaani waya wa ethi wa saketi zote za gesti, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye bomba la maji la chuma linalopanda ukutani. Hapo ndipo ethi ya tangu zamani ilipokuwa imefungwa, na hata alama ya klempu ya kwanza ilionekana. Lakini mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua: miaka kadhaa nyuma bomba la chini ya ardhi, kutoka barabarani hadi ukuta wa gesti, lilioza kwa kutu, na badala yake tukalaza la plastiki jeusi. Chuma kilichobaki ni kile cha ukutani na cha bafuni tu. Mimi si fundi, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini hata mtoto wa darasa la sita hufundishwa kwamba plastiki haipitishi umeme. Kwa hiyo niliuliza, kwa adabu kabisa, "Fundi, waya huu wa ethi ukiishia kwenye bomba hili, umeme utafikaje ardhini, na chini kule ni plastiki?"

Hakugeuka hata kuniangalia. Alisema, "Bi mkubwa, nenda kachambue mchele, umeme tuachie wenyewe." Vijana wake wawili walicheka, mmoja akiwa bado ameshika koleo langu.

Nilikwenda. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilikwenda, na mchele niliuchambua.

Wiki kadhaa zilipita bila tatizo, nami nikaanza kujiona mkorofi. Kisha ikaja asubuhi ya yule mzee. Alikuwa chumba cha pili, hita yake haikuwa imewashwa kwa sababu yeye huoga maji ya baridi, na bado alipofunga bomba kwa mkono wenye maji, akiwa amesimama kwenye sakafu mbichi, alirushwa nyuma hadi akapiga kiwiko mlangoni. Nilimpigia fundi simu mara nne, na mara ya tano ikazimwa. Nikamwita kijana wa jirani aliyesomea umeme VETA, ambaye alipofika alizima meni swichi kabla hata ya kuniamkia, akawatoa wageni wote bafuni, ndipo akasema shikamoo.

Alichokigundua ningependa kila mwenye nyumba ya zamani akijue, kwa hiyo nitakieleza polepole. Hita mbovu ilikuwa ya chumba cha tano. Ndani yake umeme ulikuwa unavuja kutoka kwenye koili na kuingia kwenye waya wa ethi. Ethi ingekuwa imefika ardhini, umeme ule ungepata njia. Lakini haikufika popote. Iliishia kwenye mabomba ya chuma ya ukutani, ambayo yanapita bafu zote sita. Kwa hiyo waya uliowekwa kuwalinda wageni ndio uliobeba umeme wa chumba cha tano na kuusambaza kwenye bomba la kila chumba, na kwenye ganda la friji ya koridoni pia. Breka ya ampia 32 haikuruka, kwa sababu yenyewe hungoja mkondo mkubwa, na hapa hapakuwa na mkondo wa maana hadi binadamu aliposhika bomba na kuwa yeye ndiye njia. Kijana aligusa bomba kwa tesita na ikawaka. Kisha akapima kwa mita kati ya bomba na udongo mbichi wa bustani, akanionyesha namba iliyozidi volti 150, nami nikalazimika kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Alipigilia fimbo mbili za shaba ardhini upande wa bustani, mahali ambapo udongo haukauki, na kipimo chake cha ukinzani kati ya fimbo na ardhi kikatoa omu 38. Nilidhani tumemaliza. Akanieleza kwamba hata kwa fimbo hizo, umeme ukivuja mzima mzima, volti 230 kwa omu 38 ni ampia 6 tu, na breka ya ampia 32 haitajua kuna jambo. Kwamba mahali pa kuogea panahitaji breka ya uvujaji, ile ambayo mafundi huiita RCD, inayokata umeme mara tu miliampia 30 zinapopotea njia. Nikamuuliza kwa hasira ni fundi gani wa dunia hii anaweza kufunga hita sita za kuogea bila kitu hicho.

Jioni ile nilitafuta karatasi ya makadirio ili niipige picha na kuwaonyesha watu. Mstari wa kumi na moja ulisomeka hivi, kwa mwandiko wake mzuri: RCD ya fezi tatu, moja, shilingi 180,000. Juu yake kulikuwa na mstari wa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu ni yangu. Sijawahi kuacha kuitumia tangu nilipostaafu. Nikakumbuka kwamba nilimwambia breka ziko nyingi mno, hii moja yenye bei ya mbuzi ni ya nini, naye akajibu kwamba ikitolewa haina neno, umeme utawaka vilevile.

Sikulala vizuri. Kwa siku mbili nilikuwa tayari kumsamehe na hata kusema kwamba kosa ni langu. Lakini nikilirudia jambo lenyewe, siwezi. Mimi nilikata mstari kwa kutojua, na mwenye kujua alikuwa yeye. Ilikuwa kazi yake kuniambia kwamba huo haukatwi, hata kama angekosa kazi. Fimbo za ethi hazikuwamo kabisa katika makadirio yake, na hizo sikuzikata mimi. Na swali la plastiki niliuliza kwa mdomo wangu. Angegeuka tu. Angeshuka hatua tatu na kuchimba kwa kisigino, plastiki angeiona.

Hatimaye alikuja mwenyewe, baada ya habari kumfikia. Alitazama fimbo, akatazama klempu yake iliyokuwa imelegezwa, akanyamaza muda mrefu. Aliibadilisha hita ya chumba cha tano kwa gharama yake, na alipopima kila saketi upya, safari hii kwa kipimo chake cha mega, kile cha kupima kama nyaya zinavuja umeme, ambacho mara ya kwanza sikukiona kikitoka kwenye mkoba, kazi yake yote ya nyaya ilikuwa safi. Yule kijana wa VETA mwenyewe alikiri kwamba hajaona kisanduku kilichopangwa vile hapa mtaani. Kwa hiyo kama mtu ataniuliza nani amvutie waya katika nyumba kuukuu, nitalitaja jina lake, nikiongeza kwamba suala la ethi ampe mwingine, na asimpe kalamu nyekundu mwenye nyumba.

Hapana, naona nimekuwa mwepesi mno. Nyota mbili. Mkewe yule mzee alikuwa wodini akimsubiri ampelekee uji.

Shilingi 250,000 za mwisho alizonidai bado ninazo kabatini, katika bahasha yenye jina lake. Hajazidai, nami sijampelekea, kwa sababu ametoa samahani kwa ajili ya bomba, kwa ajili ya hita na kwa ajili ya mgeni, lakini kuhusu mchele bado hajasema neno.