Gari inakula oili na chini hakuna tone: rangi ya UV au geji ya kompresheni?

Wadau, habari zenu. Karibuni tena. Leo mezani nina vitu vitatu: kichupa cha rangi ya UV pamoja na tochi yake, geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na chupa ya ile dawa inayouzwa kama kizuizi cha injini kula oili. Wanunuzi wake ni walewale. Umefanya sevisi, oili iko alama ya juu, wiki kadhaa baadaye unachomoa kijiti unakuta imeshuka hadi chini kabisa. Unainama kuchungulia uvunguni, pakavu. Fundi wa kwanza anakwambia ringi za pistoni zimeisha, shusha injini. Wa pili anakwambia weka oili nzito, hiyo ni uzee tu.

Gari tunayochezea leo ni RAV4 ya kuanzia 2006, ile tuliyoizoea kwa jina la Miss Tanzania, yenye injini ya 2AZ-FE, cc 2362. Kama una Alphard ya 2.4, Vanguard ya 2.4, Harrier ya 2.4, Ipsum au Camry ya miaka ile, usiondoke, maana injini ni hiyohiyo na maradhi yake ni hayohayo.

Sasa kabla sijafungua boksi lolote, kuna kifaa cha bure: kalamu na karatasi. Paki sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika kadhaa oili ishuke kwenye sampu, ile trei ya oili chini ya injini, jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita za dashibodi. Endesha kama kawaida yako. Kila ukiongeza, andika kiasi na kilomita. Kwenye magari mengi ya saizi hii, kutoka alama ya juu mpaka ya chini ni karibu lita moja, kwa hiyo hesabu yenyewe si ngumu. Nasisitiza hili kwa sababu ukimuuliza mtu gari yake inakula kiasi gani anakujibu "nyingi sana", na kwa jibu hilo anakwenda kufunguliwa injini!

Nyingi ni ngapi? Toyota Marekani, walipokuwa wanapima injini hizi kwa malalamiko haya haya, mstari wao ulikuwa kwati moja kwa maili 1,200, yaani kama lita moja kasoro kidogo kwa kilomita 1,900. Gari ikila kuzidi hapo, walihesabu ni ugonjwa. Kwa hiyo wewe unayeongeza lita moja kila kilomita 4,000 au 5,000 kwenye gari ya miaka karibu ishirini, kwa maoni yangu weka galoni kwenye buti, angalia kijiti kila ukijaza mafuta, endelea na maisha. Injini haifunguliwi kwa hilo.

Haya, rangi ya UV. Ni kimiminika kidogo unachomimina ndani ya oili ya injini, kinazunguka nayo, na popote oili inapotokea nje, ukimulika kwa tochi ya UV panang'aa kijani-njano. Chupa nyingi ni kama mililita 30 kwa injini inayobeba oili lita nne, lakini soma maandishi ya chupa yako. Na hakikisha umenunua ya oili, maana zipo za maji ya rejeta na za gesi ya AC, na muuzaji asiyejali atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Osha injini kwanza. Kwa sabuni ya injini, si kwa dizeli, maana dizeli inaacha utando wa mafuta na wewe unatafuta mafuta. Tumia faneli wakati wa kumimina, na ukidondosha tone juu ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, futa papo hapo, la sivyo kesho utamulika na kushangilia uvujaji uliousababisha mwenyewe. Endesha siku moja mbili, kisha mulika usiku au ndani ya gereji yenye giza. Anzia juu ushuke. Oili inateremka na upepo wa safari unaisukuma nyuma, kwa hiyo pale chini panapong'aa zaidi mara nyingi si chanzo. Chanzo ni pale pa juu kabisa panapoanza kung'aa. Kwenye 2AZ mulika ukingo wa gasketi ya tapeti kava, ukingo wa kava la cheni ya taimingi, swichi ya presha ya oili, kiti cha filta, halafu lala chini uangalie pale injini inapokutana na gia boksi, maana sili ya nyuma ya kranki ikichoka itatokea hapo. Hiyo ya mwisho ndiyo ghali, kwa sababu gia boksi lazima ishuke.

Tochi sasa. Hii iliyokuja kwenye boksi ni ya nanomita 395, na kasoro yake mnaiona kwenye kamera: inamwaga zambarau nyingi kila mahali, mng'ao wa rangi unazama humo. Miwani ya njano iliyomo ndani inasaidia kweli, msiitupe mkidhani ni mchezo wa watoto. Ukipata tochi ya 365 chukua hiyo, tofauti ni kubwa mno. Angalizo moja: maji ya rejeta ya kijani nayo yanang'aa kwa UV. Ukiona mng'ao karibu na pampu ya maji au mpira wa rejeta, gusa, nusa, uone kama ni maji au ni mafuta.

Ninachoipendea rangi hii ni kwamba hata isipoonyesha kitu imekusaidia. Umemulika juu mpaka chini, pakavu, huku karatasi yako inasema lita imepotea: basi oili haitoki nje. Inaungua, au, kwa nadra, inaingia kwenye maji. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi. Ukikuta kama chai ya maziwa, hilo ni suala la gasketi ya silinda hedi na video yake ni nyingine.

Tukifika kwenye kuungua, watu wanakimbilia geji ya kompresheni. Na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Unapasha injini moto, unatoa plagi zote nne, unakata mafuta, mtu anakanyaga pedeli mpaka chini huku anapiga stata. Kitabu cha Toyota cha injini hii kinataka psi 198 (kipimo cha presha), isishuke chini ya 142, na silinda zisiachane kwa zaidi ya kama 15. Mimi RAV4 hii imenipa namba safi kabisa kwenye silinda zote. Je, ringi ni nzima? Hapana!

Sikiliza hapa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu kazi yake ni kushika kompresheni. Ya tatu, ya chini, inakwangua oili kwenye ukuta wa silinda, na nyuma yake kwenye pistoni kuna vitundu vya kuirudisha oili hiyo kwenye sampu. Kwenye 2AZ-FE za miaka hiyo vitundu vinaziba kwa kaboni, ringi ya oili inaganda, oili inabaki ukutani na kuchomwa kila mzunguko. Zile mbili za juu bado nzima, kwa hiyo geji inakupa namba nzuri huku gari inakunywa. Fundi akisema "kompresheni iko fresh, ringi hazina shida", amepima ringi mbili, ya tatu hajaigusa.

Si maneno yangu ya kijiweni. Toyota Marekani waliongeza dhamana kwa ajili ya jambo hili kwenye Camry, RAV4 na nyinginezo, miaka 10 au maili 150,000, na tiba yao ilikuwa kubadilisha pistoni pamoja na ringi zake. Sisi tulioletewa zilizotumika Japani hatukuwemo.

Plagi zenyewe zinasema zaidi kuliko geji. Ukizitoa, tazama zipi zina ukoko mweusi wa mafuta kwenye ncha, moja au zote. Ila tofautisha: ukikuta oili imejaa kwenye kisima cha plagi, juu, huku ncha ni safi, hizo ni sili za visima kwenye tapeti kava, kazi ya asubuhi moja. Watu wameuziwa injini nzima kwa kosa hilo.

Vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, msiisahau. Ni spea ya bei ndogo. Itoe, itikise, inatakiwa ilie kaka-kaka. Ikiwa kimya imeganda, na oili inaweza kuwa inavutwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha tu kisha ukakata, shuku sili za vavu. Ukitoka wakati unakanyaga, shuku ringi. Na kutokuona moshi kusikupe raha, masega mazima, yale ya kusafisha moshi kwenye eksozi, yanauficha mpaka siku nayo yanapochoka kwa oili hiyohiyo.

Chupa ya dawa nitaipita haraka. Ni nzito, inaongeza uzito wa oili, basi. Zipo dawa nyingine za kulainisha sili za mpira zilizokakamaa na zinaweza kupunguza jasho la uvujaji mdogo, lakini vitundu vya pistoni hazizibui. Kuhama kwenda oili nzito ya 20W-50 ni njia hiyohiyo. Injini ya VVT-i, yaani inayobadilisha muda wa vavu kufunguka kwa presha ya oili, inategemea oili ipite upesi kwenye njia nyembamba asubuhi ikiwa baridi, mimi kwenye hii nisingevuka 10W-40.

Kununua: rangi ya UV chukua, hasa ukibadilisha tochi. Geji sikushauri uwe nayo nyumbani kwa tatizo hili. Ukiilazimisha, chukua yenye bomba la kuskrubu kwenye tundu la plagi, maana ile ya kukandamiza kwa mpira haifiki vizuri kwenye visima virefu vya 2AZ. Dawa, irudishe rafuni.

Kwenye maoni niandikie aina ya injini, kilomita ulizotembea na lita ulizoongeza. Ukiandika "nyingi sana" sikujibu.